Kufyatua Matofali ya Udongo Yasiyochomwa: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Wanaoanza kazi hii huuliza maswali yale yale. Je, udongo wa kiwanja changu unafaa? Niweke simenti kiasi gani? Mbona tofali limepasuka hata kabla halijakauka? Mwongozo huu unayajibu kwa mpangilio wa kazi yenyewe, kuanzia shimo la udongo hadi ukutani. Tofali linalozungumziwa hapa ni la udongo uliochanganywa na simenti kidogo, likashindiliwa kwa mashine ya mkono, kisha likakomazwa kwa unyevu badala ya moto.

Neno moja kuhusu sababu, halafu twende kazini. Utengenezaji wa simenti hutoa kati ya asilimia 7 na 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu duniani, na sehemu kubwa ya hewa hiyo hutoka ndani ya jiwe la chokaa lenyewe linapochomwa. Tofali la kuchoma nalo hula kuni au makaa. Tofali la udongo linakwepa moto kabisa na linatumia simenti kidogo, lakini faida hiyo ipo tu kama simenti itabaki kidogo kweli. Anayeruka vipimo vya udongo huishia kuongeza simenti maradufu ili kuficha kasoro, na anayeruka umwagiliaji huishia kutupa matofali mengi. Wote wawili wamepoteza kile walichokuja kukiokoa. Ndiyo maana hatua za udongo na za umwagiliaji zimepewa nafasi kubwa zaidi hapa kuliko hatua ya mashine, ingawa mashine ndiyo kila mtu huitamani kwanza.

Kabla hujaanza, kusanya hivi

- Mashine ya mkono ya kufyatulia. Hesabu zote za mwongozo huu ni za kalibu ya sentimita 29 × 14 × 9, kipimo kilichotokana na mashine ya CINVA-Ram iliyobuniwa Bogotá, Kolombia, katika miaka ya 1950 na mhandisi Raúl Ramírez. Kama kalibu yako ni tofauti, piga hesabu upya.
- Chekeche la waya lenye matundu ya milimita 5 hadi 6, kwenye fremu ya mbao ya mita 1 kwa 1.5.
- Sururu, jembe, koleo mbili na toroli.
- Ndoo tatu za lita 10 zinazolingana. Hizi ndizo kipimo chako. Usipime kwa koleo, maana koleo la asubuhi na koleo la jioni, mtu akishachoka, havilingani.
- Keni ya kumwagilia yenye kichwa cha matundu madogo.
- Sakafu ngumu na safi ya kuchanganyia, kama mita 3 kwa 3. Kuchanganyia juu ya ardhi tupu huingiza udongo wa juu kwenye mchanganyiko.
- Nailoni pana ya kutandika chini na nyingine ya kufunika, pamoja na kivuli.
- Chupa angavu ya lita 1 yenye mdomo mpana, chumvi kidogo, na kisanduku cha mbao chenye nafasi ya ndani ya sentimita 60 × 4 × 4, kilicho wazi juu.
- Glavu za mpira, miwani na barakoa. Simenti mbichi huunguza ngozi, na anayechekecha udongo mkavu huvuta vumbi siku nzima.

Watu watano hadi sita wanatosha: mmoja kuchekecha, wawili kuchanganya, wawili kwenye mashine, na mmoja kupanga na kumwagilia. Huyu wa mwisho asigeuzwe kibarua wa kutumwa huku na kule. Kazi yake ndiyo inayoamua uimara.

Maji yawe safi kama ya kunywa. Maji ya chumvi hayafai, na mchanga wa ufukweni haufai pia.

Hatua ya 1: Chimba hadi upite udongo wa juu

Udongo wa juu, ule mweusi wenye mizizi na mboji, ondoa wote. Kwa kawaida ni sentimita 30 hadi 50, lakini usiamini namba. Amini macho na pua. Ukiona bado kuna nyuzi za mizizi, au ukiulowesha unanukia uozo, endelea kushuka. Mabaki ya mimea huzuia simenti kushika, na baadaye huoza na kuacha matundu ndani ya tofali. Udongo huo wa juu usiutupe. Urundike kando ukarudishwe shambani au bustanini.

Chimba mashimo ya majaribio matatu au manne sehemu tofauti za kiwanja, kila moja kina cha mita 1 hadi 1.5, uchukue ndoo moja kutoka kila tabaka linalobadilika rangi. Ziandike alama. Hatua chache tu pembeni, udongo unaweza kuwa mwingine kabisa.

Onyo: usipange shimo kuu la kuchimbia karibu na msingi wa nyumba unayotaka kujenga. Lipange mahali litakapotumika baadaye, kwa mfano tangi la maji ya mvua.

Hatua ya 2: Pima kwa mikono

Chukua konzi ya udongo, toa kokoto, lowesha kidogo, ukande mpaka ulainike. Sasa fanya mambo mawili.

Kwanza, tengeneza donge na ulikate katikati kwa kisu. Uso uliokatwa uking'aa, mfinyanzi ni mwingi. Ukifubaa, udongo una vumbi laini zaidi kuliko mfinyanzi.

Pili, viringisha udongo huo uwe kama sigara nene, unene sentimita 3 na urefu sentimita 20. Ulaze kwenye meza kisha usukume taratibu uning'inie ukingoni mpaka ukatike wenyewe. Pima kipande kilichoanguka. Kikiwa chini ya sentimita 5, mchanga umezidi. Kati ya 5 na 15, udongo una matumaini. Kikizidi 15, mfinyanzi umezidi. Rudia mara tatu uchukue wastani, maana kokoto moja iliyosahaulika hukata sigara mapema na kukupa jibu la uongo.

Udongo mweusi wa mbuga, ule unaovimba masika na kupasuka nyufa za kuingiza mkono kiangazi, uache. Hata ukiupa simenti nyingi utaendelea kuvimba na kusinyaa.

Hatua ya 3: Pima kwa chupa

Jaza udongo theluthi moja ya chupa, ongeza maji karibu hadi juu, tia nusu kijiko cha chumvi ili chembe zitengane vizuri, kisha tikisa kwa dakika mbili. Iache saa moja, tikisa tena, uiweke mahali pasipoguswa. Mchanga na changarawe hutua ndani ya dakika moja. Weka alama hapo kwa kalamu. Vumbi laini hutua ndani ya nusu saa hivi. Mfinyanzi huchukua hadi siku nzima, na hukaa juu kama tabaka laini.

Pima unene wa kila tabaka. Udongo unaofaa kwa simenti una mchanga na changarawe zaidi ya nusu, na mfinyanzi karibu moja ya tano. Mchanganuo unaolengwa ni changarawe ndogo asilimia 15, mchanga 50, vumbi laini 15 na mfinyanzi 20. Hutaupata kamili, na si lazima. Kumbuka pia kwamba mfinyanzi huvimba ndani ya maji, kwa hiyo chupa huuonyesha mwingi kuliko ulivyo. Chupa inakupa picha tu. Uamuzi utatoka hatua inayofuata.

Hatua ya 4: Pima kusinyaa

Kama utafanya kipimo kimoja tu, kiwe hiki, kwa sababu ndicho kinachokuambia kiasi cha simenti.

Paka mafuta ndani ya kisanduku cha sentimita 60 × 4 × 4. Lowesha udongo uliochekechwa mpaka uwe laini wa kushindilika bila kutiririka, ujaze kisanduku ukibana pembe zote kwa kijiti, kisha sawazisha juu kwa ubao. Uache juani siku 3, au kivulini siku 7, mbali na mvua. Ukishakauka, sukuma vipande vyote upande mmoja, nyufa zifungane, halafu pima nafasi iliyobaki upande wa pili:

- Chini ya milimita 15: simenti sehemu 1 kwa udongo sehemu 18.
- Milimita 15 hadi 30: 1 kwa 16.
- Milimita 30 hadi 45: 1 kwa 14.
- Milimita 45 hadi 60: 1 kwa 12.
- Zaidi ya milimita 60: usitumie kabla ya kuurekebisha.

Sehemu hizi ni za ujazo, udongo ukiwa mkavu, umechekechwa na haujashindiliwa. Kosa linalorudiwa sana ni kusahau kusukuma vipande upande mmoja. Udongo unaweza kupasuka mahali sita, kila ufa milimita 5, huku ncha zote mbili zikionekana zimegusa kisanduku. Mpimaji husoma sifuri wakati jibu ni milimita 30.

Hatua ya 5: Rekebisha udongo kabla ya kuongeza simenti

Mfinyanzi ukizidi, ongeza mchanga wa mto, anza na sehemu 1 ya mchanga kwa 4 za udongo, rudia kipimo cha kisanduku. Mchanga ukizidi, tafuta udongo wenye mfinyanzi kutoka tabaka jingine la shimo lile lile. Mara nyingi upo chini au juu kidogo tu. Kuongeza ndoo nne za mchanga uliochotwa jirani ni nafuu kwa mazingira kuliko kuongeza mfuko wa simenti.

Na chokaa je? Udongo wenye mfinyanzi mwingi, karibu theluthi moja au zaidi, hupatana na chokaa kuliko simenti, kwa sababu chokaa hushikana na mfinyanzi wenyewe. Kwenye udongo wa kichanga chokaa haina cha kushika, na utafyatua matofali ya kusagika. Tumia chokaa iliyokwisha kuzimwa ya unga. Chokaa hai, ile isiyozimwa, huchemka ikiguswa na maji na inaweza kupofusha, asiyeijua asiiguse. Tofauti na simenti, mchanganyiko wa chokaa ukifunikwa saa kadhaa kabla ya kufyatua huwa bora zaidi, na matofali yake yanahitaji unyevu kwa muda mrefu, wiki nne au zaidi.

Hatua ya 6: Fyatua matofali ya majaribio

Usirukie kazi kubwa. Fyatua matofali kumi kwa uwiano uliopata, kumi kwa simenti pungufu kidogo (mfano 1 kwa 18 badala ya 16), na kumi kwa simenti iliyozidi kidogo. Yaandike kwa msumari yangali mabichi. Yakomaze siku 28 na uyapime kama ilivyoelezwa hatua ya 11. Chagua uwiano wenye simenti ndogo kuliko zote uliofaulu. Siku hizo 28 si za kukaa bure. Zitumie kuchekecha udongo na kujenga msingi.

Piga hesabu ya mahitaji sasa. Ukuta wa unene wa sentimita 14 unahitaji matofali 33 kwa kila mita ya mraba, viungo vya sentimita 1 vikiwemo. Nyumba yenye kuta za mita za mraba 80, milango na madirisha yakiwa yameshatolewa, inahitaji matofali 2,640; ongeza ya kuvunjika, fanya 2,800. Kwa uwiano wa 1 kwa 16 hiyo ni karibu mifuko 27 ya simenti ya kilo 50 na mita za ujazo 15 za udongo uliochekechwa.

Hatua ya 7: Chekecha na upime mkavu

Vunja madonge, anika udongo ukiwa na unyevu, chekecha. Kinachobaki juu ya chekeche kisiende kwenye mchanganyiko hata kikionekana kidogo; donge la mfinyanzi ndani ya tofali hulowa mvua ikinyesha, huvimba na kubandua uso. Funika rundo lililochekechwa. Mvua ya usiku mmoja inaweza kuharibu kazi ya siku mbili.

Kwa mkupuo mmoja pima ndoo 16 za udongo na ndoo 1 ya simenti (badilisha 16 kulingana na kipimo chako). Mkupuo huu unatoa matofali kama 30. Mfuko wa kilo 50 una karibu lita 35, yaani ndoo tatu na nusu.

Usichanganye mfuko mzima kwa mpigo. Simenti ikishapata unyevu, mchanganyiko uwe umeisha ndani ya dakika 30 hadi 45. Uliopita muda huo hauokolewi kwa kuongeza maji. Simenti imeshaanza kushika na ukiivuruga unaivunja nguvu. Mabaki hayo yatumie kujazia kifusi chini ya sakafu.

Tandaza udongo, mwagia simenti juu yake, geuza kwa koleo mara nne mpaka rangi iwe moja. Ukiona michirizi ya kijivu, geuza tena. Yote haya yanafanyika kukavu, kabla ya tone la maji. Anayetia maji mapema hutengeneza vidonge vya simenti vilivyofungwa ndani ya udongo, huku sehemu nyingine za tofali zikikosa simenti kabisa.

Hatua ya 8: Tia maji, kisha angusha donge

Nyunyiza kwa keni, si kwa kumwaga ndoo. Mkupuo wa ndoo 16 hunywa lita 15 hadi 25 kutegemea unyevu uliokuwemo, kwa hiyo nyunyiza lita 10 za kwanza, geuza, halafu endelea kidogo kidogo.

Kipimo ni hiki. Kamata mchanganyiko kiganjani, ukamue kwa nguvu uwe donge. Donge lishikane bila maji kutoka, na kiganja kibaki na unyevu mdogo tu. Nyoosha mkono usawa wa bega, liachie lianguke kwenye sakafu ngumu. Likisambaratika kama unga, ongeza maji. Likibonyea tu likabaki kipande kimoja, maji yamezidi. Ongeza udongo na simenti kavu kwa uwiano ule ule. Likivunjika vipande vinne hadi sita, umepata. Rudia kipimo hiki kila mkupuo, na tena katikati ya mkupuo jua likiwa kali.

Wengi hukosea upande wa maji mengi, maana mchanganyiko mbichi hulainisha mashine na tofali hutoka zuri la kung'aa. Linapokauka, maji yale yanaondoka na kuacha matundu. Tofali lililofyatuliwa sawasawa huonekana karibu kavu.

Hatua ya 9: Fyatua

Paka kalibu mafuta kidogo kila baada ya matofali machache. Mafuta ya kupikia yaliyokwisha tumika yanatosha. Pima udongo wa kila tofali kwa kopo moja lisilobadilika, ujazo wake ukiwa umeupata wakati wa majaribio. Tofali bichi la kipimo hiki huwa na uzito wa kilo 7 na kidogo. Mimina, kisha bana pembe nne kwa vidole. Pembe ndizo zinazokosa udongo na ndizo za kwanza kumeguka. Funika, shusha mkono wa mashine kwa mwendo mmoja mpaka mwisho.

Mkono uwe mzito kiasi cha kuhitaji uzito wa mwili. Ukishuka kirahisi, udongo haukutosha na tofali litakuwa jepesi. Ukigoma kufika chini, punguza udongo. Usiongezee bomba kwenye mkono wala kuuning'inia watu wawili, utapinda pini. Inua tofali kwa viganja vilivyonyooka pande mbili pana, si kwa vidole.

Pima kimo cha tofali moja katika kila kumi. Tofauti ikizidi milimita 2, rekebisha kopo mara moja, kwa sababu kila tofauti ya kimo utailipa kwa udongo wa kujengea ukutani.

Hatua ya 10: Panga na umwagilie

Siku ya kwanza panga tofali moja moja juu ya nailoni, kivulini, ukiacha nafasi ya vidole viwili kati yao. Usipandanishe. Yafunike kwa nailoni siku hiyo hiyo. Upepo mkavu ni mbaya kama jua.

Kesho yake yapange kwa upole, yasizidi kimo cha matofali matano, funika tena. Kwa siku 7 yamwagilie asubuhi na jioni kwa keni yenye matundu madogo, na nailoni irudishwe kila mara. Ukifunua mchana uone matone ndani ya nailoni, kazi inakwenda vizuri. Ukikuta kingo zimebadilika rangi kuwa za mpauko, yameanza kukauka, ongeza kumwagilia.

Baada ya siku 7 acha kumwagilia, yabaki kivulini yakipitiwa na hewa mpaka yatimize siku 28 tangu kufyatuliwa. Andika tarehe kwenye kila safu. Fundi mwenye haraka huchukua yaliyo karibu, na yaliyo karibu ndiyo ya jana.

Hatua ya 11: Pima tofali lililokomaa

Toa matofali matano bila kuchagua. Yazamishe majini saa 24. Yakitoka, kingo zibaki na maji yasigeuke tope. Kwaruza kwa msumari: alama nyembamba inakubalika, mfereji unaoacha unga haukubaliki. Kisha lilaze tofali hilo, likiwa bado limelowa, juu ya vitegemeo viwili vilivyo umbali wa sentimita 20, mtu mzima asimame katikati taratibu. Likikatika, usijengee ukuta wa kubeba paa. Vipimo hivi vinatosha kwa nyumba ya chini ya kawaida. Ghorofa, au eneo la matetemeko ya ardhi, linahitaji maabara na mhandisi.

Hatua ya 12: Jenga

Msingi wa mawe unafaa sana hapa. Uinue angalau sentimita 30 juu ya ardhi, au 45 penye mvua kubwa, na juu yake utandaze nailoni nzito ya kuzuia unyevu kabla ya kozi (safu ya matofali) ya kwanza. Paa litoke nje ya ukuta sentimita 60 au zaidi. Vitu hivi viwili, msingi mrefu na paa lililotoka, vinalinda ukuta kuliko plasta yoyote.

Udongo wa kujengea: simenti 1, udongo uliochekechwa laini 4, mchanga 5. Usitumie mchanganyiko mkali wa simenti na mchanga wa 1 kwa 3. Kiungo kikiwa kigumu kuliko tofali, ukuta ukicheza kidogo tofali ndilo litakalopasuka, wakati ufa kwenye kiungo ungezibwa kwa mwiko. Tofali lichovye majini kwa muda mfupi kabla ya kulilaza, la sivyo litanyonya maji ya kiungo.

Kozi zipishane angalau robo ya tofali. Madirisha na milango yakae mita 1 kutoka pembe za nyumba. Usijenge zaidi ya kozi 8 kwa siku. Juu ya kuta zote pitisha mkanda wa zege wenye nondo, usiokatika, kabla ya kufunga paa. Kagua kila kozi tatu kwa timazi na pima maji.

Kupiga plasta si lazima. Ukitaka, tumia ya udongo ndani na ya chokaa nje. Plasta nene ya simenti hunasa unyevu nyuma yake na baada ya misimu michache hubanduka ikiwa imeng'ang'ania uso wa tofali.

Mambo yanapokwenda kombo

*Pembe zinameguka tofali likitoka.* Maji ni pungufu, au pembe hazikubanwa. Kama donge linavunjika sawasawa na pembe bado zinameguka, mfinyanzi ni mdogo, au kalibu imelika; ikague kwa rula.

*Tofali linang'ang'ania kalibu.* Maji au mfinyanzi umezidi. Safisha kalibu kwa brashi, paka mafuta, rudi kwenye kipimo cha donge.

*Nyufa ndogo kama utando juu ya uso, siku ya pili au ya tatu.* Linakauka haraka. Funika, ongeza kumwagilia.

*Ufa mmoja mkubwa unaokata tofali.* Mfinyanzi umezidi. Kumwagilia hakutasaidia, rudia kisanduku cha kusinyaa na uongeze mchanga.

*Tofali limepasuka tabaka tabaka kama kurasa.* Udongo ulikuwa mkavu mno ukashindiliwa kupita kiasi, au tofali lilifunguliwa ghafla. Punguza ujazo kidogo, ongeza unyevu.

*Nje gumu, ndani linasagika.* Vunja moja uangalie. Ukiona vidonge vya kijivu, simenti haikuchanganyika kukavu. Rangi ikiwa moja lakini laini, mchanganyiko ulipitisha dakika 45 au unyevu ulikatika ndani ya siku 7.

*Unga mweupe ukutani.* Ni chumvi kutoka kwenye udongo, mchanga au maji. Ukibaki juu juu na kupigwa brashi ukavu, si hatari. Ukirudi kila mara sehemu ya chini ya ukuta na uso ukaanza kubanduka, unyevu unapanda kutoka ardhini. Kagua ile nailoni ya juu ya msingi, na uangalie kama bustani au kifusi kimerundikwa kikaifunika.

*Matofali ya majaribio yalifaulu, ya kazi kubwa yanafeli.* Karibu kila mara shimo limeingia tabaka jingine. Linganisha rangi ya udongo wa leo na wa kwanza, pima upya kwa sigara na kisanduku. Ndiyo maana inafaa kuhifadhi ndoo moja ya udongo uliofaulu, imefunikwa na kuandikwa, mpaka tofali la mwisho lifyatuliwe.

*Mvua imenyeshea matofali ya siku moja.* Yasiguse mpaka yakauke juu. Yaliyopoteza kingo yatenge kwa kuta za ndani zisizobeba mzigo. Yaliyoyeyuka umbo, yavunje yajazie chini ya sakafu. Usiyarudishe kwenye mchanganyiko mpya ukihesabu simenti yake, kwa kuwa imeshatumika.